Saa ya Mushtari

Mtu aliyekukunjia uso mwaka mzima akianza kukuletea halua, usiile kwanza. Iweke mezani uiangalie. Hapa Kitomanga wanasema mimi Umi nimezaliwa na shaka moyoni. Waongo! Kazi ndiyo iliyonifundisha. Mimi ni mpima ubora kwenye ghala la korosho. Mkulima analeta gunia limenona, nami nalichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha, nachota korosho chache, nazipasua moja moja. Magunia mazuri yenye uozo ndani nimeyaona hadi nimechoka.

Sasa nikuambie habari za Bi Sauda, mama wa mchumba wangu Yassin. Mwaka mzima alikuwa akimwambia mwanawe kwamba yeye hatoki Kilwa Masoko kwenda kuposa kwa wapasua korosho. Nikimwamkia, ananiitikia marahaba huku anatazama ukutani. Halafu wiki tatu zilizopita, ghafla bin vuu, nikawa "mwanangu". Simu asubuhi, simu jioni. "Umekula, mwanangu? Usibebe vizito, mwanangu." Posa ikaja, ikajibiwa, na ndoa ikapangwa Alhamisi, saa moja asubuhi.

Saa moja asubuhi! Nani anaolewa kabla watu hawajanywa chai? Nilipomuuliza, alicheka tu. "Wewe vaa njano, mwanangu. Nyeusi usiiguse." Akanivisha pete yenye jiwe la njano, halafu akaubusu mkono wangu. Mtu mzima yule, aubusu mkono wangu mimi! Nywele zilinisimama.

Jumanne, siku mbili kabla ya ndoa, nikaenda Lindi mjini kuchukua kitambaa changu dukani kwa kina Rukhsar. Rukhsar ni shoga yangu tangu sekondari. Bibi yake, Bi Mariambai, hukaa mlangoni pa duka lao kutwa nzima, na hakuna habari ya mji isiyopitia pale.

"Huyo, huyo! Bibi harusi wa Mushtari!" alisema aliponiona.

"Shikamoo, bibi. Wa nani?"

"Marahaba. Wa Mushtari, mwanangu. Mkweo si alikuja hapa akamaliza njano yote dukani? Akaniambia, 'Bi Mariambai, mwanangu anaoa Mushtari. Sasa nyumba yangu itajaa.'"

Rukhsar alimkonyeza bibi yake anyamaze, lakini yule bibi hakonyezeki.

"Mushtari ndiyo nini?" niliuliza.

"Nyota. Ile kubwa kuliko zote. Watu wa falaki wanasema ndiyo nyota ya neema. Siku yake Alhamisi, saa yake jua linapochomoza, rangi yake njano. Mwenye nyota hiyo akiingia kwenye nyumba, riziki inamfuata nyuma. Kwani hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Yassin alishanisimulia kwamba gesti ya mama yake pale Masoko vyumba vinalala wazi tangu baba yake afariki. Kumbe! Mimi sikuwa mkamwana. Nilikuwa zindiko.

"Na wamejuaje kama nyota hiyo ni yangu? Mbona hata tarehe yangu ya kuzaliwa haina uhakika?"

"Tarehe haina kazi. Wanachukua jina lako na jina la mama yako, wanajumlisha herufi, wanatoa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndiyo nyota yako."

"Kwa nini mama? Kwa nini si baba?"

Bi Mariambai aliangua kicheko. "Kwa sababu mama hana ubishi, mwanangu!"

Wangu alikuwa na ubishi. Kitomanga nzima inanijua kama mtoto wa Mama Somoe, na Mama Somoe ni mama yangu kwelikweli. Ndiye aliyenilea, na akinuna sipati usingizi. Lakini yeye ni mke mkubwa wa marehemu baba. Aliyenizaa anaitwa Theresia, Mkristo wa Nyangao, aliyekuja huku kupalilia mashamba, baba akampenda. Mwaka ule mikorosho ikashikwa na ubwiri unga, maua yakakauka yote, na watu wakasema mwanamke yule kaja na nuksi. Alifariki nikiwa na miaka miwili. Jina lake likafagiliwa nyumbani, hata mimi nikajifunza kutolitaja. Nimelitaja kwa mtu mmoja tu, siku ya mvua ghalani, na mtu huyo ni Yassin.

Rukhsar alinisindikiza hadi nje, kanishika kiwiko.

"Shoga, nakujua. Usiharibu. Mwanaume anakupenda, mkwe anakupenda, unatafuta nini tena?"

"Anapenda nyota yule, hanipendi mimi."

"Na Yassin?"

"Huyo ndiyo nakwenda kumpasua nione ndani."

Jumatano adhuhuri wageni kutoka Masoko walifika, wakapokelewa nyumba ya jirani. Bi Sauda akaja kwetu na sanduku la harusi, akaketi mkekani na Mama Somoe wakipanga vitenge, vicheko mpaka barabarani. Yassin hakuwa nao. Yeye ni fundi mizani, anazunguka maghala na magulio kutoka Njinjo mpaka huku, na mzani wetu ulikuwa umegoma tangu asubuhi. Harusi haizuii msimu. Nikajitanda khanga, nikatokea mlango wa uani hadi ghalani.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya mzani, mikono ina grisi hadi viwikoni. Aliinua uso akanitazama, na macho yake yakafanya kile kitu chao kinachonisahaulisha nilichojia. Nilimchukia kwa hilo.

"Bibi harusi haonekani leo," alisema akitabasamu. "Watatutoza faini."

"Mushtari ni nani?"

Bisibisi ilisimama mkononi mwake.

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo unajua."

"Umi, kaa kwanza."

"Sikai! Mwaka mzima mama yako hanitaki hata kwa dawa, leo ananibusu mkono. Nikasema pengine Mungu kamlainisha. Kumbe vyumba vya gesti! Mnataka nije nikae mlangoni pale kama hirizi, wageni waingie!"

"Mimi sikuoi kwa ajili ya nyota."

"Mwizi gani alishawahi kusema kaiba?"

Alijifuta mikono kwenye kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. Ningetaka ajitetee kwa haraka, apige kelele. Ule upole wake ulinizidishia shaka. Mtu asiye na neno moyoni hapimi maneno.

"Niulize unachotaka," alisema. "Nitakujibu."

"Hesabu ile mlipiga kwa jina la mama yupi?"

Akakikunja kile kitambaa chenye grisi. Nje wapagazi walikuwa wanataniana kwa Kimwera.

"Somoe," alisema.

"Na unajua si yeye aliyenizaa."

"Najua."

"Basi nyota hiyo si yangu."

"Si yako, Umi. Sijawahi kufikiri ni yako."

Hapo nikakaa. Nilikaa juu ya gunia. Yassin akasogea, akachuchumaa mbele yangu, lakini hakunigusa.

"Nikiwa mdogo nilisoma chuo cha Kurani kwa Mwalimu Huseni, pale Kivinje," alisema. "Hesabu ile naijua, tulikuwa tunaichezea. Mama alipochoka na mimi akasema, 'Haya, niletee jina lake na la mama yake nimpelekee Mwalimu. Nyota ikikubali, na mimi nakubali.' Nikajaribu mwenyewe kwanza. Kwa jina la Theresia ikabaki kumi. Kumi ni nyumba ya Jadi, na mwenye nyumba hiyo ni Zohali."

"Zohali ndiyo nini?"

Hakutaka kusema. "Nyota ya dhiki. Mlango uliofungwa. Mama angesikia hivyo, yangekuwa yamekwisha. Nikajaribu kwa Somoe. Ikabaki tisa. Kausi, nyumba ya Mushtari."

"Ukampelekea ya tisa."

"Nikampelekea ya tisa."

"Fundi mizani!" Nilicheka, kicheko kibaya. "Wewe unayekwenda magulioni kukamata watu wanaoficha mawe chini ya mizani! Ukamwekea jiwe mama yako mzazi!"

"Niliweka." Alinitazama usoni. "Mwaka mzima nimembembeleza. Nimemletea mashangazi, nimemletea shehe. Ningekukosa, Umi. Ungeolewa na mwingine, nami ningekuja hapa kila msimu kurekebisha mzani nakuona umebeba mtoto wa mtu. Nikasema heri dhambi."

Nisikufiche, moyo wangu uliruka. Nilikuja nikidhani mwanaume huyu ananitaka kwa ajili ya neema, kumbe alinitaka akijua kabisa kwamba mimi ni wa dhiki. Nani amewahi kupendwa hivyo? Nilitamani nimshike uso wake ule wenye grisi nisiuachie mpaka Alhamisi ipite. Lakini hayo tisa. Kumi ni kwamba nilimpa jina la mama yangu alitunze, naye akalificha kama walivyolificha wengine wote.

"Ukioa binti wa Somoe," nilimwambia, "mimi nitakuwa wapi?"

"Umi..."

"Watu watauliza mama yangu ni nani, utasema nini? Watoto wetu watauliza?"

Niliinuka nikajifunga khanga vizuri.

"Nakwenda kumwambia mama yako."

"Ukimwambia, kesho hakuna ndoa."

"Najua."

Tulitazamana. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimpima nikitafuta kama anadhani sitathubutu, kama ndiyo karata yake ya mwisho. Kisha akasimama kando ya mlango, akanipisha.

"Basi twende," alisema. "Nitakuwa nyuma yako."

Bi Sauda alikuwa amekunjua kitenge cha njano magotini. Aliponiona akapiga kigelegele kidogo, cha utani. Sikumwacha amalize.

"Shikamoo, mama. Nina neno. Jina mlilopeleka kwa Mwalimu Huseni si la mama aliyenizaa. Mama Somoe kanilea. Aliyenizaa anaitwa Theresia. Nyota yangu si Mushtari. Ni Zohali."

Mama Somoe alijifunika uso kwa upande wa khanga. Nilidhani nimemuua kwa aibu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nangoja siku utakayomtaja. Miaka yote hii nangoja. Mimi niliogopa kuanza."

Bi Sauda hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama mwanawe pale mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Njia ya mwongo fupi, Yassin. Baba yako alikufundisha."

Akakikunja kitenge, kona kwa kona, akakirudisha sandukuni. Akafunga. Kisha akanyoosha kiganja mbele yangu bila kunitazama.

"Pete."

Nikaivua nikampa. Kidole kilibaki na alama.

"Mama yako amezikwa wapi?" aliuliza.

"Kilangala. Nyuma ya shule, ukingoni mwa shamba."

"Pana alama?"

"Pana msalaba wa mbao."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka zake kwa jirani, sanduku likabebwa nyuma yake. Yassin alimfuata, akafungiwa mlango. Mimi nilikaa pale mkekani nikijiuliza swali moja. Kwa nini anataka kujua kaburi lilipo? Mtu akikuvunjia uchumba, kaburi la mama yako linamhusu nini?

Jibu nililipata Alhamisi alfajiri, au nilidhani nimelipata. Mama Somoe aliingia chumbani mbio, bado ana maji ya udhu usoni.

"Amka! Mkweo kaondoka na bodaboda muda huu. Kaazima jembe dogo kwa jirani, na kabeba kitambaa cheupe."

"Kuelekea wapi?"

"Kilangala."

Yarabi! Nilivaa nilichokishika. Kama kuna siku nimeamini uchawi, ni ile. Jembe, kitambaa cheupe, kaburi la mwenye nyota mbaya, jua halijachomoza. Anakwenda kufukia kitu ili nuksi imwachie mwanawe, nilijisemea. Au kufukua! Nilipotoka uani nilimkuta Yassin kwenye pikipiki yake, hajalala, shati la jana.

"Mama yako yuko kaburini kwa mama yangu na jembe," nilimwambia.

Akawasha pikipiki. "Panda."

Nilimshika kiunoni kwa hasira, na nilimshika kwa nguvu kuliko hasira inavyohitaji. Upepo wa asubuhi ulikuwa na harufu ya maua ya mikorosho, na mgongo wake ulikuwa na joto. Nikawaza kwamba pengine hii ndiyo mara ya mwisho ninaugusa. Nikalia, akahisi, akaongeza mwendo.

Tuliacha pikipiki shuleni, tukapita nyuma kwa miguu. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachungulia. Nilimwona Bi Sauda kabla hajaniona. Nikamshika Yassin mkono asimame, kwa sababu nilitaka nimkamate mtu huyu na ushahidi mkononi.

Alikuwa amepiga magoti na buibui lake, analima majani. Lile kaburi halijaguswa miaka na miaka, lilikuwa limezama kwenye magugu hata msalaba ulionekana nusu tu. Nusu moja alikuwa ameshaisafisha. Aling'oa, akatikisa udongo, akatupa pembeni. Alipoufikia msalaba akaukung'uta, akakitandaza kitambaa cheupe chini ya msalaba, na juu yake akaweka pete. Ile yangu, ya jiwe la njano. Kisha akaketi vizuri, akajifunga mtandio, akakohoa kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu.

"Hodi, Bi Theresia," alisema. "Mimi naitwa Sauda, mama yake Yassin, wa Kilwa Masoko. Unisamehe nimekuja na pete tu, na nimekuja peke yangu, si desturi. Nimechelewa pia. Nilikwenda kuposa kwa mwenzio nikidhani yeye ndiye mama mzazi. Nilidanganywa. Aliyenidanganya ni mwanangu, na nimemkasirikia, na bado nimemkasirikia."

Yassin aliinamisha kichwa.

"Wameniambia binti yako ni mtu wa Zohali. Jana nilifunga sanduku langu ili nirudi nyumbani. Halafu nikakumbuka. Na mimi nilipoolewa waliniambia Zohali. Mama mkwe wangu hakula chakula nilichopika miaka saba. Jina langu hakuliita hata siku moja, alikuwa anasema 'yule'. Mama yangu alikufa akiulizia kama nimeitwa jina." Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Nilisahau, Bi Theresia. Tukipata wakwe tunasahau. Binti yako angeweza kunyamaza akaolewa, na mimi ningembeba mgongoni. Alisema mwenyewe, kwa sababu hakutaka wewe uachwe nje. Sasa leo ni Alhamisi, na saa ndiyo hii. Mushtari kama ana lake alilete, kama hana basi. Nimekuja kuomba. Naomba Umi wako, kwa mwanangu."

Nikashindwa kujizuia. Nilitoka pale nilipojificha, machozi yananifika shingoni, na ulimi wangu ule ule.

"Posa haijibiwi siku hiyo hiyo, mama," nilisema.

Bi Sauda hakugeuka.

"Nyamaza," alisema. "Sizungumzi na wewe. Nazungumza na mama yako."

Nikanyamaza. Nilipiga magoti upande wa pili wa kaburi, kwenye ile nusu iliyobaki, nikaanza kung'oa majani, na Yassin akaja akapiga magoti kando yangu. Tuling'oa wote watatu. Miaka ishirini na tano sijawahi kusikia mtu akimwita mama yangu kwa jina lake, halafu akakaa kimya kumsubiri ajibu.